Mtaro wa Mzee Filemoni

Nyumba ya marehemu Filemoni Kalinga ilikuwa na kitu ambacho nyumba nyingine za pale mlimani, njia ya kwenda Tosamaganga, hazikuwa nacho: chumba chini ya ardhi. Filemoni alikuwa fundi mwashi. Ujanani aliwahi kuwajengea mapadre, akaona jinsi walivyohifadhi vitu vyao chini ya sakafu, kwenye ubaridi na giza, na roho yake haikutulia mpaka na yeye alipochimba cha kwake. Unaingia jikoni, unafungua mlango wa mbao nyuma ya kabati la vyombo, unashuka ngazi saba. Kuta zote nne zimezama udongoni. Hewa inapita kwenye matundu mawili yaliyo usawa wa ardhi, upande wa mlimani. Humo aliweka mbegu za viazi na mahindi ya chakula, na majirani waliomcheka kwamba anajichimbia kaburi mapema ndio hao hao waliokuja baadaye kuomba wawekewe debe mbili tatu.

Kwa miaka thelathini na miwili chumba kile hakikuingiwa na tone la maji. Watoto wake, Clement na Eveline, walikua wakidhani hiyo ni tabia ya chumba chenyewe, kama vile mtu alivyo na tabia ya kutosinzia kanisani. Kila Novemba, kabla mvua hazijaanza, mzee alichukua jembe akapanda nyuma ya nyumba, akashinda siku mbili akizibua mtaro wake wa kukinga maji, uliokata kiwanja kwa juu toka upande hadi upande na kuyapeleka maji ya mlima korongoni. Jioni alirudi na suruali iliyojaa tope, na mkewe Verediana akamwambia avulie nje. Hakuna aliyemuuliza kule juu alikuwa anafanya nini. Kazi ikifanyika vizuri kila mwaka watu huacha kuiona, na kwa hilo familia ya Kalinga haikuwa na tofauti na familia nyingine yoyote.

Filemoni alifariki mwaka jana, mwishoni mwa Aprili, mvua zikiwa zinaaga. Kwao mtu huzikwa nyumbani. Mdogo wake, Jailos, ndiye aliyechagua mahali: pale juu, kwenye kiinuko ambapo marehemu alipenda kukaa jioni akitazama bonde. Mahali pazuri, hakuna aliyebisha. Tatizo dogo likawa mtaro, kwani ulipita hapo hapo, na wazee wangelizungukaje kaburi na jeneza liko mabegani mwa watu? Kamati ya mazishi haikushindwa na jambo dogo kama hilo. Vijana waliufukia kwa udongo na kifusi, wakaukanyagakanyaga mpaka ukawa uwanja, na watu wakasifu sana jinsi shughuli ilivyopangwa.

Baada ya mazishi likaja suala la mwaka. Katika ukoo ule kaburi jipya halisogelewi na jembe mwaka mzima, hatua kumi kila upande. Majani yakiota yanang'olewa kwa mkono. Marehemu bado anajilaza, wanasema wazee, na mtu anayejilaza hatingishiwi kitanda. Mwaka ukitimia ndipo watu hukusanyika wakasali, kaburi likajengewa kwa saruji, jembe likarudi kazini. Hatua kumi kwenda chini zilifika ukutani mwa nyumba. Hatua kumi kwenda juu zilifika kwenye mwamba ambao hata baruti ingeufikiria mara mbili. Kwa hiyo mtaro ulibaki umefukiwa, na mpaka tarehe thelathini Aprili ya mwaka huu hapakuwa na mtu wa kuufukua.

Eveline alirudi nyumbani mwezi wa nane. Alikuwa na meza yake ya vitenge sokoni Makambako, biashara ya kujikongoja lakini yake mwenyewe, akaiacha kwa sababu mama alikuwa hawezi tena kutoka chumbani mpaka jikoni bila kusimama mara tatu akishika ukuta. Moshi wa kuni wa miaka hamsini, daktari alisema, umeyala mapafu. Mama hakuwa wa kulazwa milele, wala hakuwa wa kupona. Alihitaji mashine ya oksijeni, ile inayovuta hewa ya chumbani, ikaichuja na kuipeleka puani kwa mrija mwembamba, mchana na usiku. Mashine yenyewe ilitaka umeme bila mapumziko, na umeme wa pale mlimani ulikuwa na mapumziko yake kila wingu lilipokohoa.

Hapo ndipo Clement alipojitutumua. Clement alikuwa fundi umeme kule Mbeya, fundi hasa, mtu wa kupigiwa simu na wenye hoteli. Alikuja na betri nne kubwa na inveta, ili umeme ukikatika tu betri zipokee bila mashine kukata pumzi. Akavishusha vyote kwenye chumba cha chini. Juu wezi wangeviona dirishani, alisema, na betri zinapenda ubaridi.

"Na maji je?" Eveline aliuliza.

Clement alicheka. "Maji yapi? Hiki chumba hakijaona maji toka nizaliwe."

Alizipanga betri juu ya chaga ya mbao, kimo cha kiganja kutoka sakafuni, akafunga waya safi zilizonyooka, akapiga picha akawatumia wateja wake. Eveline naye aliridhika. Hilo ndilo lililomkera baadaye kuliko yote, kwamba aliridhika.

Januari ukuta wa upande wa mlimani ulianza kutoa jasho. Februari, baada ya mvua ya siku mbili, Eveline alishuka kuchukua viazi akakanyaga maji. Yalikuwa machache, ya kuchota kwa beseni, lakini kabla ya viazi aliangalia kwanza betri. Alimwita jirani yao, Masunga, mfugaji ambaye wazazi wake walihama Shinyanga na ng'ombe wao mpaka bonde la Usangu, na yeye akapanda kutoka huko mpaka Iringa kuuza maziwa. Masunga alizunguka nyumba mara moja, akapanda juu, akasimama karibu na msalaba wa mbao wa Filemoni akiangalia chini.

"Dada, maji ya mlima yote yanakuja hapa," alisema. "Zamani yalikuwa na njia. Njia mmeifunga."

Kwa mara ya kwanza Eveline alielewa baba yake alikuwa akifanya nini kila Novemba.

Alimwendea baba yake mdogo siku hiyo hiyo. Jailos hakuwa mtu mbaya, na hadithi hii ingekuwa nyepesi kama angekuwa. Ndiye aliyeleta kuni bila kuombwa, ndiye aliyemletea shemeji yake asali ya kifua, na kaka yake alipofariki alilia mbele za watu bila kuficha uso. Alimsikiliza Eveline mpaka mwisho, mikono magotini.

"Mwanangu, hilo jambo siyo mimi niliyeliweka," alisema. "Na mimi nililikuta. Aprili siyo mbali. Mwaka ukiisha, mimi mwenyewe nitakuja na jembe langu."

"Na maji yakija kabla ya Aprili, baba mdogo?"

"Tutayachota. Watu tupo."

Masunga alipolisikia hilo alitikisa kichwa. Jioni alikuja mpaka chumbani kwa Verediana, kofia mkononi, akasalimia kwa heshima zote. "Mama, mimi siyo wa ukoo wenu. Mimi Msukuma. Nikichimba mimi, ninyi hammo. Asubuhi moja tu, nimemaliza."

Verediana alikuwa ameketi kitandani, mrija puani, mashine ikihema pembeni yake. Alihitaji muda kukusanya pumzi ya kujibu.

"Jembe halina kabila, Masunga," alisema. "Asante, baba. Acha."

Masunga alipoondoka, Eveline alimgeukia mama yake kwa hasira ambayo hakuifanyia adabu. Alisema hayo ni mambo ya kizamani, baba mwenyewe angekuwa hai angeuzibua mtaro kesho. Mama alimwacha amalize.

"Kaa hapa," alisema. "Kabla yenu nilikuwa na mtoto. Unajua."

Eveline alijua. Kulikuwa na mtoto wa kwanza, wa kiume, aliyekufa kabla hajatembea.

"Tulimzika kule kwa babu yenu. Baba yenu alikuwa kijana, mbishi kama wewe. Miezi mitano tu, akapanda nyanya pembeni pale. Alisema ardhi haiwezi kulala bure." Alisimama kupumua. "Nyanya zilizaa sana. Na mwaka haukuisha, nikamzika wa pili. Msichana. Huyo hamkuambiwa."

Mashine ilihema, ikapumzika, ikahema.

"Siyo kwamba najua ni nyanya," mama alisema. "Sijui. Lakini nimebaki na wawili, na sitajaribu tena ili nijue."

Usingeweza kubishana na mtu aliyezika watoto wawili ndani ya mwaka mmoja kwa kumwambia kwamba hiyo ni bahati mbaya tu. Eveline alimfunika miguu akatoka.

Basi wakafanya yale yaliyoruhusiwa. Eveline na Masunga walijaza viroba kumi na vinne vya mchanga, wakavipanga mbele ya yale matundu ya hewa. Waliinua betri, kila moja nzito kama gunia la saruji, wakaziweka juu ya matofali mawili mawili. Clement kwa simu alisema hiyo itasaidia, ila dawa ya kweli ni kuzipandisha juu kabisa, na hilo litataka waya mpya na siku nzima ya kazi, atakuja Pasaka. Pasaka haikumleta. Hoteli moja ilipata hitilafu, mwenye hoteli akambembeleza, Clement akasema Jumamosi inayofuata bila kukosa. Kulikuwa pia na mtungi mdogo wa oksijeni wa akiba, lakini nao ulikuwa umetumika wakati Clement alipowaelekeza kwa simu kuzima inveta ili wafunge upya waya iliyolegea, na sasa ulikuwa mjini ukijazwa. Ungerudi na gari la Ijumaa.

Mvua haikungoja Ijumaa. Ilikuja Alhamisi, saa tisa alasiri, siku ishirini na moja kabla mwaka wa Filemoni haujatimia.

Wingu lilitokea nyuma ya mwamba, jeusi na la chini, na mara mabati yakaanza kupigwa na mawe ya barafu kiasi kwamba Eveline alilazimika kumsogelea mama mdomo kwa sikio ili wasikizane. Radi ya kwanza ilipiga, umeme ukakatika. Mashine ya oksijeni ililia mara moja, inveta ikapokea, ikaendelea kuhema. Taa ya mezani iliyoungwa nayo iliyumba kidogo ikawaka. Mama alitabasamu, akanyoosha kidole kuelekea sakafuni, kumsifu Clement.

Eveline alikwenda jikoni, akafungua mlango wa mbao, akamulika tochi ya simu. Maji yalikuwa yanaingia kwa matundu yote mawili, mekundu, mazito, yakibeba majani na mchanga wa viroba vyao wenyewe. Vile viroba kumi na vinne vilikuwa vimesukumwa pembeni kama mito ya kitandani. Sakafu haikuonekana. Viazi vilielea.

Alimpigia Clement. Mtandao ulikuwa wa kukatikakatika, lakini alimpata.

"Maji yanaingia," alisema. "Mengi."

"Yamefika wapi?"

"Tofali la chini yamelifunika."

"Eva, usishuke. Unanisikia? Umeme uko hai humo. Ukikanyaga hayo maji utaniachia misiba miwili. Masunga yupo?"

"Kaenda mnadani toka asubuhi."

"Basi sikiliza. Una kama dakika arobaini, labda na tano zaidi. Chukua jembe. Kata mtaro ulipokuwa, pale pale miguuni kwa baba, upande wa mwamba. Udongo wa kufukia ni laini, utakubali. Yapeleke korongoni."

"Clement, mama alisema..."

"Najua alichosema mama. Baba amekufa, Eva. Mama yuko hai. Nenda."

Simu ikakatika. Alijaribu tena, haikuita.

Alimwambia mama kwamba anakwenda kupanga viroba. Mama alimtazama usoni. Eveline alichukua jembe la baba yake nyuma ya mlango wa jiko, lile lile lenye mpini uliong'aa kwa viganja vyake, akatoka kwenye barafu.

Juu kwenye kiinuko maji yalikuwa yanateremka kutoka mwambani kama bomba lililofunguliwa, yakipita pande zote mbili za tuta la kaburi na kwenda moja kwa moja nyumbani. Msalaba ulikuwa umeinama. Eveline alisimama miguuni kwa baba yake, akatafuta mahali pa kukanyaga, akanyanyua jembe.

Halikushuka. Mikono ilikuwa juu na jembe lilikuwa juu, naye alikuwa anamwona mtoto wa kike asiyekuwa na jina, ambaye angekuwa dada yake mkubwa, na nyanya nyekundu zinazozaa sana. Alikuwa mwanamke wa mjini, mwenye simu ya kupangusa na cheti cha kidato cha nne, na alikuwa anaogopa. Aliogopa kwa ajili ya Clement, barabarani kila siku na nyaya mkononi. Aliogopa kwa ajili yake mwenyewe pia, na hilo aliliona aibu hata pale pale. Alishusha jembe taratibu, ubavuni.

Kisha akafanya kosa la mtu anayetaka kuwaridhisha wote. Alikimbilia chini, karibu na ukuta, akaanza kuchimba huko, kwa mawazo kwamba ukutani ndiko mwisho wa zile hatua kumi, na pengine hatua moja marehemu angeisamehe. Ardhi ya hapo ilikuwa msingi, mawe ya Filemoni mwenyewe yaliyoshindiliwa kwa mkono wa fundi. Jembe liligonga, likateleza, likagonga. Alichimba mpaka viganja vikachunika. Alipata kijifereji cha kutosha bata, maji yakakijaza, yakakipita, yakaendelea matunduni.

Alipoona kwamba haiwezekani, aliamua. Alipanda tena mpaka kaburini, akalia kwa sauti kwa kuwa hakukuwa na wa kumsikia, akasema, "Baba, nisamehe," akanyanyua jembe kwa mara ya pili. Kutoka pale alipokuwa, dirisha la chumba cha mama lilionekana vizuri, na ndani yake ile taa ya mezani.

Taa ikazimika.

Alitupa jembe akakimbia. Chumbani mashine ilikuwa inalia, mlio mmoja mrefu wa kuudhi, halafu nayo ikanyamaza. Mama alikuwa ameketi pembeni ya kitanda, mikono imeshika magoti, mabega yakipanda na kushuka. Eveline alifungua dirisha. Alimwegemeza kifuani, akampepea kwa kanga, mambo yasiyo na maana yoyote ambayo mikono huyafanya yenyewe. Alipiga simu, haikutoka. Alipiga kelele ya kuomba msaada, mvua ikaimeza.

"Umechimba?" mama aliuliza.

Eveline angeweza kudanganya. Hakujua ni jibu lipi lingekuwa la uongo mzuri zaidi, kwa hiyo alisema kweli.

"Hapana, mama."

Verediana aliitikia kwa kichwa polepole, kama mtu aliyeambiwa kwamba mlango umefungwa vizuri.

"Vizuri," alisema. "Mtabaki wote wawili."

Masunga alifika saa kumi na moja na nusu, pikipiki ameiacha chini ambako barabara ilikuwa imekatika. Alimkuta Eveline amekaa kitandani, bado anampepea mama yake. Masunga alimshika mkono wenye kanga, akauteremsha.

Clement aliingia Ijumaa mchana. Hakusalimia mtu. Alimtazama mama yake, akatoka, akavua shati, akazima kilichokuwa cha kuzima, akashuka kwenye chumba cha chini na ndoo. Maji yalikuwa yanamfika kiunoni. Alichota siku nzima, ndoo baada ya ndoo, akipandisha ngazi saba na kumwaga uani, ingawa mlimani bado palikuwa panachuruzika na maji yalikuwa yanarudi kwa matundu yale yale. Watu walimwambia apumzike. Hakuna aliyerudia. Dada yake alipomfuata ngazini na kumwambia kwamba alisimama pale juu na jembe na hakuweza, Clement alisimama na ndoo mkononi.

"Ningezipandisha Pasaka," alisema. "Ilikuwa kazi ya siku moja." Akainama akachota tena.

Jumamosi asubuhi Jailos alikuja na wachimbaji. Alionyesha mahali pa kumlaza Verediana: kushoto kwa mumewe, bega kwa bega, kama walivyolala maisha yao yote. Wazee waliitikia. Hakuna aliyetaja hatua kumi. Labda hawakukumbuka, au kwa kaburi hesabu ni nyingine, kwa sababu mtu lazima alale mahali. Jailos mwenyewe, kama mkubwa wa ukoo, alipiga jembe la kwanza. Eveline alilisikia kutoka jikoni likiingia ardhini, na kikombe alichokuwa anasuuza akakiweka chini.

Aliwapelekea wachimbaji chai. Walikuwa vijana sita, wamefika kifuani tayari.

"Udongo laini sana hapa, dada," mmoja wao alimwambia, akipokea kikombe. "Kama palishachimbwa."

"Palishachimbwa," Eveline alisema.

Saa tano mvua ikarudi. Haikuwa ya mawe, ilikuwa ile ya kawaida ya Aprili, ya kunyesha bila haraka, lakini mlima ulikuwa umeshiba na kila kilichonyesha kilikuja chini. Maji yalifika kwenye kaburi lililo wazi, yakaanza kumiminikia ndani kwa ukingo wa juu. Wachimbaji walitoka. Wakaleta ndoo, wakachota, likajaa. Wakachota tena. Padre alikuwa anakuja saa nane, wageni wa Mufindi walikuwa njiani, wamefika Nyololo na wanaulizia njia kwa simu, na kaburi lilikuwa bwawa. Wanawake waliokuwa jikoni walitoka wakasimama barazani, mikono vichwani. Kumlaza mama wa watu ndani ya maji, hilo halikuwezekana.

Jailos alisimama ukingoni, koti lake jeusi limelowa, akitazama mwamba, akitazama kaburi, akitazama korongo upande ule. Hata asiye fundi angeliona.

"Kateni mtaro hapa juu," aliwaambia vijana. "Toka hapa mpaka korongoni. Maji yasimwingie mama."

Walikata. Vijana wanne, majembe mawili na sepetu mbili, kutoka upande hadi upande wa kiwanja, kwa kufuata mstari ule ule wa Filemoni bila kujua, maana udongo wenyewe uliwaonyesha pa kupita. Kifusi cha kamati ya mwaka jana kilitoka vipande vipande. Ulipita hatua moja kutoka miguuni kwa marehemu. Eveline alisimama mvuani na sinia la vikombe, akaangalia saa kwenye simu walipoanza na akaangalia tena walipomaliza. Zilikuwa dakika ishirini.

Maji yaligeuka. Yalisita kidogo penye kona, yakajaa, kisha yakaelekea korongoni kwa mwendo wa kitu kinachoijua njia. Wachimbaji walishangilia kidogo, wakakumbuka walipo, wakanyamaza. Wakaingia na ndoo kumalizia.

Jailos alijifuta uso kwa kiganja. Alimwona Eveline.

"Sasa atalala pakavu," alimwambia, kwa upole wa kweli.

"Baba mdogo," Eveline alisema, "zimebaki siku kumi na tisa."

Alisema bila kupandisha sauti, wala hakuwa na nia ya kumpiga nalo. Lilikuwa limemkaa mdomoni tangu Alhamisi. Jailos alifungua kinywa kumuuliza siku za nini, na hapo hapo akazielewa. Aliutazama mtaro. Aliwatazama vijana waliouchimba, majembe bado mikononi, wanangoja waambiwe kinachofuata. Kisha akakaa juu ya lile lundo la udongo, mzee mwenye koti la msiba, akaweka mikono kichwani.

Masunga alikuja akampokea Eveline lile sinia.

Mlango wa jikoni ulifunguliwa. Clement alitoka uani, tope mpaka kifuani, ndoo mkononi, macho mekundu kwa kukosa usingizi. Alikuwa chini muda wote ule na hakuwa ameona kitu. Alimtafuta dada yake kati ya watu, akamwona pale juu kwenye kiinuko, akamwita kwa sauti ya mtu anayeleta habari njema.

"Eva," alisema. "Maji yameacha kuingia."